Semina ya likizo ya watoto kuhusu video za ngono, ridhaa na mitandao: inalipa au ni kula hela tu?

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mtaruka mpaka chini: inalipa. Sehemu ya watoto nawapa nyota 4 kati ya 5, sehemu ya wazazi nawapa 2, na hizo mbili zenyewe ni kwa ajili ya yule kaka wa simu peke yake, nitamfikia. Jina la waandaaji siweki, kuna mambo nitalalamika humu na sitaki ionekane namchafulia mtu biashara.

Ilivyo ni hivi. Ni semina ya siku mbili, likizo ya Juni, maeneo ya Tabata, watoto wa miaka 13 mpaka 17, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa tisa. Elfu 40 kwa mtoto, ukipeleka wawili wa pili analipiwa nusu. Ndani ya hiyo hela kuna chakula cha mchana, maji na daftari. Kwenye tangazo wameandika kistaarabu "usalama wa vijana mtandaoni" lakini ukiwapigia wanakwambia wazi kabisa kwamba wataongelea video za ngono, picha za utupu, ridhaa, na hawa matapeli wanaotisha watoto inbox. Hilo nililipenda. Kuna mzazi mwenzangu alipiga, akasikia mada, akasema hapana asanteni, na ni haki yake, bora umejua ukiwa nyumbani kuliko kujua pale mlangoni.

Mi nimepeleka wawili, binti yupo kidato cha tatu na mdogo wake wa kiume kidato cha kwanza. Wengine mtauliza kwa nini nilipe mtu aongee na wanangu mambo haya wakati mdomo ninao. Jamani, kwetu mada hii ikianza tu ghafla kila mtu anakumbuka shughuli, mmoja ana vyombo, mwingine ana hesabu za kumalizia, baba yao anaenda kuangalia Luku imebaki ngapi. Zamani huku Pwani binti alikuwa na somo wake, mtu mzima ambaye sio mama, unamuuliza chochote bila kuona haya, na watoto wa kiume walikuwa na jando lao. Siku hizi somo anaonekana kwenye kicheni pati, mwali ana miaka 27 ndo anaanza kufundwa, wakati mtoto wa miaka 12 keshapewa simu na bando la usiku. Hapo katikati anafundishwa na Telegram.

Mzazi unaruhusiwa kukaa nyuma siku ya kwanza tu, kwa zamu, na unaambiwa usitoe sauti. Siku ya pili wazazi hawaingii kabisa ili watoto waulize wanachotaka, kwa hiyo ya siku ya pili nayasema kwa nilivyosimuliwa na wanangu, na nilivyosimuliwa ni robo, najua.

Mwalimu wa kwanza ni kaka mmoja kijana, kazi yake ya kila siku ni kuedit video za harusi, watoto walikuwa wanamwita Ticha. Kabla sijaendelea niseme hili maana nimeulizwa mara nyingi: HAKUNA picha wala video chafu yoyote iliyooneshwa pale, hata moja. Alichofanya, alifungua laptop akawaonesha kipande cha ngumi alichokishuti mwenyewe na wenzake, sekunde kama arobaini hivi, mtu anapigwa anaanguka damu inatoka. Halafu akawaonesha jinsi kilivyotengenezwa, kwamba walirekodi kutwa nzima, ngumi haikumgusa mtu, sauti ya "puh" ni mtu anapiga mto wa kochi, damu ni rangi, na pale yule aliyeanguka aliposimama akicheka pamekatwa kwenye video. Watoto wakafurahi wee. Ndo akawaambia, kwa sauti ileile tu, sasa na zile nyingine mnazozijua nazo zinatengenezwa hivihivi. Ukumbi wote ukatazama chini, hahaha, hata sisi wazazi wa nyuma.

Akaendelea, wala hakuwakaripia. Akawauliza tovuti ni ya bure, hujalipa hata mia, sasa mwenye tovuti anakula nini? Mmoja akasema matangazo, akasema sawa, tangazo linalipwa kwa watu kubofya, na watu wanabofya kitu cha kushtua kuliko cha kawaida, kwa hiyo mwenye tovuti anasukuma mbele kilichozidi cha jana. Ndo maana kule ndani kila kitu kina haraka, kina nguvu, hakuna anayevaa kondomu, hakuna anayesema subiri. Akawauliza, mmewahi kuona humo mtu anamuuliza mwenzake uko sawa? Kimya. Kisha dogo mmoja wa pembeni, "Hapana Ticha, itaharibu stori." Watu walicheka lakini Ticha aliichukua ile sentensi akaifanyia kazi karibu nusu saa na mi naona ndo nusu saa iliyolipa ile elfu 40.

Maana alitoka hapo akawaeleza habari ya Pornhub ya mwaka 2020. Kwa wasioijua, ile ni tovuti ya video za ngono, na ilikuwa inaruhusu karibu mtu yeyote apakie video bila kuthibitisha ni nani na waliomo ndani ni kina nani. Desemba 2020 gazeti la New York Times likaandika kuhusu watoto na wanawake ambao video zao za kubakwa au za kuvujishwa zilikuwa zinazunguka humo, Visa na Mastercard wakakata huduma ya malipo, na ndani ya siku chache kampuni ikaondoa mamilioni ya video ambazo waliozipakia hawakuwa wamethibitishwa. Mamilioni, sio mia mbili. Baadaye kampuni mama ikabadilisha jina kutoka MindGeek ikawa Aylo, hiyo ni 2023. Ticha akawaambia kabla ya hapo kuna watu walikuwa wanaziangalia zile video wakiamini ni maigizo na kila mtu kakubali, na kwa macho tu huwezi kujua. Yule aliyemo kwenye video anaweza kuwa kalipwa, anaweza kuwa kalazimishwa, anaweza kuwa hajui kama kuna kamera, na kwenye skrini wote wanafanana. Binti yangu ile ndo iliyomgusa kuliko yote, jioni aliniambia mama mi nilidhani serikali inakagua kwanza. Ukimwambia mtoto "ni dhambi" anaitikia amina (na kwetu tunaamini ni dhambi, sifichi) lakini ukimwambia huenda unayemwangalia analia na umeshindwa kuona, hiyo anaondoka nayo.

Baada ya chai akaingia nesi, mama wa makamo, wao wanamwita Sista. Huyu ndo wa ridhaa. Nilikaa kwa wasiwasi kidogo maana nilidhani itakuwa yale ya kwenye makaratasi, ridhaa ni hiari, ridhaa ni nini, andika kwenye daftari. Wala. Aliweka viti viwili mbele, mmoja anakaa mwenye simu, mwingine kazi yake ni kuomba neno la siri la simu ya mwenzake. Sheria ni moja, anayeombwa hataki. Anayeomba anaruhusiwa njia yoyote ya mdomo, na waliokaa wakiona imeshakuwa kulazimishana wanyooshe mkono.

Basi ikaanza vizuri, "nipe basi niangalie", "sitaki". Kisha "kwani unaficha nini?" Kisha "mi si nilikupa yangu?" Kisha akanuna kabisa akageukia pembeni. Kisha akarudi kwa upole "basi ningekuwa fulani ungempa". Mikono ya wasichana wengi ilipanda kwenye "unaficha nini", mikono ya wavulana wengi ilipanda mwishoni kabisa pale mtu alipojaribu kuishika simu. Sista hakumsema mtu, aliwaambia tu angalieni mikono yenu, tazameni nani kanyoosha saa ngapi. Wavulana wakaanza kujitetea, kelele, ah ile ilikuwa utani, akawaacha wabishane wenyewe. Mi mtu mzima nilijifunza pale jamani.

Halafu akageuza zoezi, na hii sijawahi kuiona popote. Akasema kila mtu anajifunza kukataa, haya sasa tujifunze kukataliwa. Unaambiwa sitaki, una sentensi moja tu ya kujibu, na hiyo sentensi isiwe ya kuomba tena wala ya kumfanya mwenzako ajione mbaya. Ni ngumu balaa. Mmoja akasema "sawa ila umeniumiza", Sista akasema hiyo bado ni bili unampa alipe. Mwingine akasema "poa, siku nyingine", akasema hapo umempa tarehe. Ilipofika kwa mwanangu akakaa, akakuna kichwa, akasema "Sawa, twende tukale." Ukumbi ukalipuka, na Sista naye akacheka akasema hiyohiyo, twendeni tukale kweli maana ni saa saba.

Sasa kwa wazazi mnaoogopa kwamba watoto wanafundishwa wakubaliane wafanye mambo, nisikilizeni. Sista alilisema waziwazi na alirudia, kwamba kwa sheria ya Tanzania msichana aliye chini ya miaka 18 hata akisema ndio hiyo ndio haimwokoi mtu mahakamani, kesi ni ya ubakaji, ipo tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Na kwamba wao wote pale ni wanafunzi. Mazoezi ya ridhaa yalikuwa ya simu, picha, kukumbatiwa na mjomba usiyemtaka, kutekenywa, kuchukuliwa video ukiwa umelala bwenini. Mambo ya umri wao.

Mchana ikaja ya koneksheni, yaani hizi video na picha za utupu za watu zinazovujishwa. Hapa wenyewe watoto walikuwa wanajua kuliko waalimu, nani kavujishiwa, grupu gani, inauzwaje, wanaokuuzia wanataka utume buku mbili kwenye namba gani. Ticha akauliza imeingia koneksheni kwenye grupu la darasa, unafanyaje? Wa kwanza "nafuta". Wa pili "nalefti". Wa tatu, mkweli kuliko wote, "naforwadi kwanza ndo nafuta". Mi nikajikaza nisicheke.

Akawaeleza sheria, na aliieleza vizuri kwa lugha ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13 kinahusu picha za ngono za watoto, mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na adhabu ni faini isiyopungua milioni 50 au jela isiyopungua miaka 7 au vyote kwa pamoja. Na kusambaza ni kosa hata kama sio wewe uliyepiga, hata kama mwenyewe alikutumia kwa mapenzi yake. Watoto wakaanza kuhesabu milioni 50 ni bodaboda ngapi. Ila Sista akadakia hapo, na nilimshukuru, akasema sijawaambia hivi ili aliyetumiwa au aliyetuma ajifiche asiongee, kwa sababu hofu ya polisi ndo inayowafanya watoto wamlipe tapeli badala ya kumwambia mama. Aliyevujishiwa ndo katendewa kosa, hatuanzi kwa kumuuliza kwa nini ulipiga.

Ndo akawaonesha Take It Down. Wazazi wengi hamuijui hii na kwangu peke yake ilitosha kuifanya siku. Ni huduma ya bure ya taasisi ya Marekani inayoitwa NCMEC, inayoshughulika na watoto waliopotea na wanaodhulumiwa. Picha au video ya utupu uliyopigwa ukiwa chini ya miaka 18, imevuja au unatishiwa itavujishwa, unafungua tovuti yao, unaichagua picha kwenye simu yako, na ile tovuti inaisoma hapohapo kwenye simu na kuitengenezea kama alama ya kidole, mkururo wa namba na herufi. Inayotumwa ni ile alama peke yake, picha yenyewe haitoki kwenye simu, hakuna mtu anayeiona. Kampuni zilizojiunga, Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, hata Pornhub yenyewe, zinatumia ile alama kutafuta nakala na kuziondoa au kuzizuia. Jina lako hawaulizi. Kama picha ilipigwa ukiwa umeshatimiza 18 kuna ndugu yake, StopNCII, ya Uingereza, inafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Kikwazo alikisema mapema na nilimheshimu kwa hilo: haifiki WhatsApp, kwa sababu meseji za kule zimefungwa na hakuna anayeweza kuzikagua katikati, na picha ikikatwa au kuhaririwa alama inabadilika. Kwa grupu la WhatsApp unabaki na kuripoti, kuwabana maadmini, na kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba ya simu kwa watoto ni 116, bure, akawalazimisha wote waisevu palepale.

Siku ya pili kwa mujibu wa binti ilikuwa ya matapeli. Mtu anakuja na picha ya mdada mzuri, anamtumia mvulana picha, anamwomba na yeye atume, akituma tu ndani ya dakika mbili anapewa skrini shoti ya orodha ya rafiki zake wote na anaambiwa tuma laki. Waliigiza hiyo kwa kusoma meseji kwa sauti, na walichofundishwa ni usilipe maana ukilipa anajua unalipika, usifute kitu, piga skrini shoti, bloku, mwambie mtu mzima mmoja leoleo. Mwanangu anasema wavulana walikuwa kimya kuliko siku ya kwanza. Pia wakaongelea hizi programu za AI ambazo unaweka picha ya mtu aliyevaa sare ya shule inakutolea akiwa uchi. Wakaambiwa wanaofanya wanaona utani kwa sababu "sio yeye kweli", wakati shuleni anayechekwa ni yeye kweli. Hapo binti anasema waliulizana maswali mpaka saa ya kula ikapita, hayo maswali kakataa kuniambia, sawa.

Sasa malalamiko.

La kwanza, kuna mgeni waliyemwalika saa nne asubuhi siku ya kwanza, mzee mmoja mtaalamu sijui wa nini, akawaambia watoto kwamba ukiangalia hizi video unakuwa tasa na ubongo unakauka. Nilikuwa nimekaa nyuma naona vile walivyokuwa wanatazamana. Wale watoto wana Google mfukoni, dogo mmoja alitafuta palepale chini ya meza, na kuanzia hapo yule mzee kila alilosema hata la kweli lilipita juu ya vichwa. Waandaaji, muacheni mzee apumzike. Mna Ticha na Sista wanaosema ukweli na ukweli wenyewe unatisha vya kutosha.

La pili, karatasi walizopewa kwenda nazo nyumbani ni za Kiingereza kitupu, za kudownload, zina picha ya watoto wa kizungu kwenye sofa. Semina nzima imeendeshwa kwa Kiswahili safi halafu karatasi ya kumpa bibi anayelea watoto kule kijijini ni Kiingereza? Elfu 40 inatosha kulipa mtu wa kutafsiri kurasa nne.

La tatu, siku ya pili waliwatenganisha wavulana na wasichana kutwa nzima. Naelewa kwa maswali ya mwili na hedhi, hapo sawa. Ila lile zoezi la mikono lilikuwa tamu kwa sababu walikuwa pamoja, wavulana waliona kwa macho yao wenzao wananyoosha mkono mapema. Wangetenganisha nusu siku tu.

La nne ndo kubwa, kipindi cha wazazi. Kilipangwa saa kumi kamili, kikaanza saa kumi na moja kasoro, na nusu yake akapewa muuza programu moja ya kulipia kwa mwezi ambayo unaiweka kwenye simu ya mtoto kwa siri inakuletea meseji zake zote, alipo, picha zake. Yaani mtoto katoka kufundishwa siku nzima kwamba kupekua simu ya mtu aliyesema sitaki sio sawa, halafu mlango wa pili mzazi anauziwa upekuzi. Mzazi mmoja wa kiume alimuuliza, "Kaka samahani, na hizo picha za mwanangu zinakaa kwenye kompyuta ya nani?" Akajibu zipo salama kwenye klaudi. Mzee wa watu akasema hilo ndo jibu ambalo hata tapeli angekupa. Nilipiga makofi. Kwa mtoto wa miaka 8 nitaelewa usimamizi wa karibu, kwa mwenye miaka 16 akigundua umemchunguza kwa siri ujue siku akitishiwa hatakwambia kitu.

Aliyeokoa jahazi ni kaka wa simu, kijana wa TEHAMA, alipewa dakika kama ishirini za mwisho na alizitumia. Hakuuza kitu. Kwenye Android kuanzia toleo la 9, nenda mipangilio, mtandao, DNS ya faragha (DNS ndo inayoielekeza simu tovuti ilipo), chagua kuweka jina la mtoa huduma, andika family.cloudflare-dns.com, hifadhi. Basi. Ni huduma ya bure ya Cloudflare, ipo tangu 2020, tovuti za ngono na za virusi hazifunguki, iwe unatumia bando au Wi-Fi ya jirani. Nimeiweka, inafanya kazi. Family Link ya Google nayo bure, inakuonesha programu anazopakua na muda anaokaa, na haikusomei meseji zake, kwa hiyo hapo kila mtu anabaki na heshima yake. Kwenye WhatsApp zima kupakua picha na video zenyewe (na bando litapona) na upande wa magrupu chagua anayeweza kukuunga awe mtu uliyemsevu tu.

Na huyu kaka alisema wazi mipaka, tofauti na yule mwenzake wa klaudi. Hiyo DNS inazuia tovuti, haigusi kilichomo ndani ya Telegram, WhatsApp wala X (ile Twitter ya zamani), na X wenyewe waliandika rasmi 2024 kwamba maudhui ya ngono yanaruhusiwa kwao. Na mtoto akiwasha VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, yote hayo yamekwisha, na watoto wetu VPN wanaijua, kama sio tangu uchaguzi wa 2020 basi tangu X ilipofungiwa hapa nchini Mei 2025, walioshindwa kuiwasha walikuwa ni sisi wazee. Alisema kichujio kinamlinda mdogo asikutane na kitu kwa bahati mbaya, kwa mkubwa anayekitafuta kinamchelewesha tu. Na kwamba vingi vinavyowaumiza hawa wakubwa vinatumwa na mtu mwenye jina kwenye simu yake, mwanafunzi mwenzake, binamu, "bae", na huyo hakuna kichujio kinachomzuia.

Ukumbi una feni mbili na moja imekufa. Chakula kizuri, wali nyama na maharage, matunda. Muda wa sala uliheshimiwa. Vyoo safi siku ya kwanza.

Nyumbani nimeona nini? Sijui wanaangalia nini wakiwa peke yao na sitajifanya najua. Ila wiki iliyofuata shangazi yao aliweka status picha ya mjukuu wake anaoga kwenye beseni, uchi wa mnyama, ana miaka mitatu, na maneno ya "handsome wa bibi". Binti akampigia, nipo jikoni nasikia, "Shangazi shikamoo. Naomba toa ile picha ya mtoto, kuna watu wanazichukua wanaziweka kwengine, na yeye hajakubali." Upande wa pili kimya, halafu nikasikia shangazi anauliza kwa sauti ya juu, "Atakubalije na hajui hata kusema maji?" Binti akajibu, "Ndo maana shangazi." Picha ilitoka kabla ugali haujaiva, ila nilipigiwa mimi usiku nikaulizwa watoto wangu nawasomesha wapi.

Kuna nyingine Desemba. Ukipiga kuulizia, waulize mapema kama yule mgeni wa saa nne yupo tena, na kama karatasi zimeshatafsiriwa, mi nimeshawaambia yote mawili na wamesema wanalifanyia kazi. Kipindi cha wazazi kama hujali foleni ya Mandela Road njoo dakika ishirini za mwisho.